Bendi ya Chekechea ya Kosele

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimepata! Bendi yetu ya Sindo ilikufa kwa sababu tulizeeka. Dawa yake: bendi ya watu wasioweza kuzeeka karibuni. Watoto wa miaka mitatu, minne! Nimeenda chekechea ya kanisani kwa Mwalimu Damaris. Nikamwambia mimi, Omanga, nilipiga gitaa la pili Sindo miaka kumi na moja. Akauliza kama nina subira. Tele, nikasema. Nimepewa watoto wanane. Jumamosi ni siku ya wazazi, watapiga muziki wa benga. Makori wa kinanda cha kanisa alicheka mpaka akashika ukuta. Wivu! Kinanda chake hujipiga chenyewe, yeye hubonyeza kitufe tu.

Jumanne, 4 Februari

Gitaa langu ni refu kuliko Bravin wa miaka mitatu. Wamelipanda kama punda. Bravin akamwaga njugu kwenye tundu, sasa linalia kama kayamba. Vidole havifiki kwenye nyuzi. Vinavyofika vinauma. Saba walilia. Liz pekee, miaka minne, hakulia. Pengine hakuelewa.

Jumatano, 5 Februari

Nimekumbuka kaka yangu James, aliyepiga solo katika bendi yetu. Gitaa langu la kwanza alinitengenezea yeye: mkebe wa mafuta ya kupikia, kipande cha ubao, waya wa breki ya baiskeli. Tulikaa ufukweni Sindo, dagaa wa omena wakianikwa, akinishikia vidole kimoja kimoja. Hakunipigia kelele hata siku moja. Mwaka wa kumi na tatu huu tangu tumzike. Nimetengeneza mikebe minane kama ule. Nyuzi ni mishipi ya kuvulia. Nimejikata mara tatu. Nimelia kidogo, kwa sababu ya kidole.

Alhamisi, 6 Februari

Wanapiga mikebe kama ngoma. Mvua ya mawe juu ya mabati! Makori amepita akauliza kama kuna mtu anajenga.

Ijumaa, 7 Februari

Mpango mpya. Nitajificha nyuma ya shuka nipige mimi. Watoto watashika mikebe na kutikisa vichwa. Nimemwambia Damaris shuka ni la mapambo. Amenitazama sana.

Jumamosi, 8 Februari

Nilianza vizuri. Wazazi wakapiga makofi. Nilimsikia Makori akisema, "Haiwezekani!" Raha iliyoje! Kisha Bravin akaweka mkebe chini, akaja nyuma ya shuka.

"Ticha, nataka susu!"

Nikamnong'oneza azuie mkojo, angoje. Akavuta shuka ajishikilie. Likaanguka lote. Mimi hapo, gitaa kifuani, mbele ya kanisa zima. Kicheko! Makori alikaa chini kabisa, sakafuni.

Nilitaka kutoka kwa mlango wa nyuma. Lakini mkebe mmoja ulikuwa bado unalia. Liz. Hakuwa ameona chochote. Uzi mmoja tu, kidole kimoja, pole pole, bila kukosea mwendo. Watu wakamgeukia. Nyanya yake, Marcella, ambaye zamani aliuza omena Sindo, akasimama na fimbo yake, akaanza kutikisa mabega.

"Omanga, omera, ndugu yangu," akaniita, "unakaa bure? Si hivyo ndivyo James alivyokuwa anaanza?"

Ndivyo. Hasa. Nikaingia na gitaa la pili, chini kwa chini, kama nilivyokuwa nikimfuata James. Njugu zikilia ndani. Sikuona vizuri nyuzi. Macho yalikuwa na maji.

Jumapili, 9 Februari

Damaris amenisamehe. Anasema niendelee, lakini niwape watoto muda, nisiwaharakishe. Nimemjibu ndiyo, ndiyo.

Nimefikiria jambo hili tangu ibada iishe. Kosa nimeliona: nilichelewa kuwaanzisha! Miaka minne mtu ameshakomaa, ana mambo yake. Asmaa mwenye duka la leso amejifungua mvulana juzi. Wanasema ana vidole virefu ajabu. Kesho asubuhi naenda kumpongeza. Nitabeba gitaa.