Mashine Iliyomwamkia Bibi Bertila

Kasmir alikuwa na kipaji kimoja ambacho hata maadui zake, nao hawakuwa haba, walimkubalia: masikio. Watu wengine wakiingia mgahawani hutazama sahani za wenzao. Yeye alisikiliza meza zao. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile pale Laela, basi la Tunduma limechelewa, upepo wa Juni unavuma kana kwamba Ufipa nzima imeukosea. Mbele yake palikuwa na chai aliyoagiza bila kujua italipwa na nani, na chini ya miguu yake palikuwa na boksi kubwa jeusi. Ndani ya boksi mlikuwa na spika ya disko aliyokuwa ameshindwa kuiuza Sumbawanga yote, kwa sababu taa zake za buluu zilikuwa hazizimiki ikishawashwa na sauti yake ilikuwa ikitoka kwa kuchelewa.

Meza ya pili walikaa Mwalimu Hellena, mkuu wa shule ya msingi, na Mzee Teodori, mwenyekiti wa kijiji. Jina la kijiji nalisitiri, maana nina mashemeji huko na bado napenda kukaribishwa.

"Tangu Mwalimu Salome amfuate mumewe Namanyere, darasa la saba halijaona hesabu," alilalamika Mwalimu Hellena. "Moko, mtihani wa majaribio, ni Agosti. Watoto wananiangalia, na mimi nawaangalia. Sehemu na asilimia mimi nilizikimbia tangu nasoma, mzee wangu."

"Na Masanja je?"

"Masanja yuko palepale. Atakayemfanya Mboje wake ajue hesabu anachukua dume la ng'ombe. Asipojua, anamrudisha machungani. Kasema hawezi kumsomesha mtoto kwenye darasa ambalo halina mwalimu, na mimi sina la kumjibu."

Masanja alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na mifugo yake bondeni, na binti yake Mboje alikuwa na kichwa chepesi kuliko darasa zima. Hayo yote Kasmir hakuyajua. Katika maneno yote yaliyosemwa pale, yeye alisikia moja tu: ng'ombe.

Sasa tusimwonee. Kasmir alikuwa na stashahada ya ualimu wa hisabati, na picha ya mahafali ambayo mama yake alikuwa ameitundika juu ya mlango. Ajira zilipotangazwa aliomba. Zilipotoka, hazikumkuta, zikamkuta jirani. Aliomba tena mpaka aibu ikamshika. Chuo kilimfundisha hesabu, njaa ikamfundisha matumizi yake, na tangu hapo alikuwa ameuza dawa ya panya iliyowanenepesha panya na miwani ya kusomea isiyokuwa na vioo.

Akainuka, akajifuta makombo.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Samahani kwa kuingilia mazungumzo. Mimi ni Injinia Kasmir, wa Elimu Dijitali."

"Marahaba. Elimu Dijitali ya wapi?" aliuliza Mzee Teodori.

"Ya Kanda."

Kanda gani hakusema wala hakuulizwa zaidi. Akalipigapiga boksi lake kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Humu kuna mwalimu wa hesabu. Halali, haugui, haombi uhamisho kumfuata mume. Ni akili mnemba."

"Mnemba ndiyo nini?"

"Ni akili isiyokuwa na kichwa, mzee."

"Hizo kijijini kwetu tunazo," alisema Mzee Teodori. "Hii yako inakula nini?"

"Umeme wa jua tu."

Mwalimu Hellena alilitazama boksi, akamtazama Kasmir kuanzia viatu mpaka kola, kisha akamwita mhudumu na kumlipia chai. Kasmir alijiambia kwamba samaki amemeza ndoano. Laiti angejiuliza ni samaki gani anayemnunulia mvuvi chai.

Kikao cha kamati ya shule kiliitwa chini ya paa la darasa la saba. Masanja alikuja na dume lake kabisa, jekundu, pembe pana, akalifunga nje ya dirisha. Mpango wa Kasmir ulikuwa mwepesi: aoneshe maajabu kidogo, achukue ng'ombe, awaachie spika, na kabla ya jua kuzama awe mnadani. Akaongea mpaka kamati ikaanza kutikisa vichwa. Kisha, kwa tamaa ya kupigilia msumari wa mwisho, akaropoka:

"Ndugu zangu, mimi nina uhakika na kazi yangu. Nilipeni kama mnavyomlipa mganga!"

Mzee Teodori akavua kofia.

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema!" alijibu Kasmir, kifua mbele.

Hapa msomaji wa mbali anahitaji kusaidiwa. Sisi watu wa Sumbawanga tunasifika kwa mambo ya waganga kuliko tunavyostahili. Wapo wageni wanaoshuka stendi wakikagua mawingu, wasije wakatupiwa radi. Lakini katika kijiji kile uganga ulikuwa na utaratibu wake, na utaratibu ulikuwa mkali kuliko benki. Mganga hapewi kitu mapema. Anapewa pa kulala, anapikiwa, anangojwa. Mgonjwa akiinuka, ng'ombe anafunguliwa. Ugonjwa ukirudi, ng'ombe naye anarudi. Kasmir, mtoto wa palepale mjini, aliyajua hayo tangu ananyonya, na bado mdomo wake ulimtangulia. Mchawi hakuhusika. Alijiroga mwenyewe, tena mchana kweupe.

"Basi," alisema Mzee Teodori, "watoto wakifaulu moko, ng'ombe wako. Karibu kijijini."

Angeweza kukimbia siku ileile. Lakini chumba chake cha mjini kilikuwa kimefungwa kwa kufuli la mama mwenye nyumba, na dume lile lilimtazama kwa macho ya upole yasiyosahaulika. Agosti si mbali, akajiliwaza.

Ikabidi mashine ifanye kazi. Pembeni ya darasa palikuwa na stoo ya majembe, na ukuta uliovitenganisha haukufika kwenye paa. Kasmir aliwaambia walimu kwamba mtambo wa kuongozea mashine utakaa stoo, na kwamba una mionzi, asiingie mtu ila injinia. Boksi likawekwa juu ya meza ya mwalimu, taa za buluu zikiwaka. Kasmir akajifungia stoo na simu yake iliyounganishwa na spika, jicho kwenye tundu la ukuta, akabana pua na kuigiza sauti ya yule dada anayewaambia watu kwamba namba wanayopiga haipatikani.

"Habari za asubuhi, wanafunzi. Mimi ni Mwalimu Mnemba."

Sauti ilipita kwanza juu ya ukuta, mbichi kabisa. Baada ya kitambo ikatoka tena kwenye boksi. Watoto wakaangalia ukuta, wakaangalia boksi, wakaangaliana. Kasmir akajiambia hilo ni jambo dogo, hawa watoto wa mahindi watajulia wapi.

"Chukueni viazi vinne mgawanye kwa watu watatu," iliendelea mashine.

"Vidogo au vikubwa?" aliuliza Mboje.

"Vinalingana."

"Viazi havilingani, Mwalimu."

Mambo hayo chuoni hawakuyafundisha. Kisha Kasmir akakumbuka ng'ombe, akaanza upya kwa debe la ulezi, ambalo kila mtoto wa Ufipa amewahi kulipima, na darasa likamwelewa. Kesho yake akaja na mchezo wa kugawa shamba. Keshokutwa alijikuta anaamka mapema kuandaa maswali, akajikemea kwa uzembe wa kufanya kazi halali.

Mashine ile ilikuwa na tabia za ajabu. Ilikohoa asubuhi za baridi. Iliomba dakika chache za kwenda "kupoza mtambo", na mlango wa nyuma wa stoo ukasikika ukifunguliwa kuelekea chooni. Siku moja ilifoka, "Wee Jenifer, acha kutafuna muhindi darasani!" na Jenifer akauficha muhindi, huku akistaajabu jinsi boksi lisilo na macho linavyoona vizuri.

Mambo yaliharibika siku aliyokuja Bibi Bertila. Alikuwa mama mzazi wa Mzee Teodori, kikongwe aliyeheshimiwa hata na mbwa. Alikuwa amesikia habari za mashine, akaingia darasani na fimbo yake, akasimama mbele ya boksi.

"Hamjambo humu?"

Darasa likasimama. Na Kasmir, ambaye mama yake alimlea kwa fimbo na adabu, aliyeweza kumdanganya yeyote lakini hakuweza kumpita mzee bila kumwamkia, alifunguka mdomo kabla hajafikiri.

"Shikamoo bibi!"

Tena kwa sauti yake mwenyewe, bila kubana pua. Ikapita juu ya ukuta. Boksi likairudia: shikamoo bibi.

"Marahaba mwanangu," alijibu Bibi Bertila, bila kulitazama boksi. Aliutazama ukuta. "Umekula?"

"Bado, bibi."

Kasmir akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Amekwisha! Akangoja wapige kelele, wavunje mlango, wamtoe juu juu kwa shati lake. Hakuna aliyecheka. Bibi alitoka polepole, na baada ya muda mlango wa stoo uligongwa. Alipofungua hakukuta mtu. Chini palikuwa na ugali wa ulezi, maharage, na kipande cha samaki mgebuka.

Tangu siku hiyo chakula kililetwa kila mchana. "Cha mashine," walisema akina mama wakikiweka. Kasmir alikila na kuwasikitikia. Watu gani hawa, alijiuliza huku akimong'onyoa miiba, wanaoamini kwamba umeme wa jua unashushiwa kwa maharage? Wakati mwingine alicheka peke yake mle stoo mpaka majembe yakaanguka. Kwa wajinga kama hawa, alijiambia, ningekuja na maboksi mawili.

Agosti ikafika, moko ikafanyika, na matokeo yakarudi. Kata nzima haikuwa na shule iliyowazidi kwa hesabu. Mboje alipata zote. Masanja alilia mbele za watu bila kujificha, akasema binti yake haendi tena machungani, ataenda mpaka vitabu viishe. Kasmir aliyasikia hayo kutoka stoo. Alifurahi. Alifurahi kweli, kama mtu aliyepata ajira, na furaha hiyo ikamtia hofu. Akaamua aondoke haraka kabla haijamzoea.

Kikao kikakaa nje ya darasa, boksi juu ya meza. Masanja akamkabidhi kamba ya dume. Kasmir akaipokea kwa mikono miwili, akatoa hotuba fupi kuhusu maendeleo, akageukia njia ya Laela.

"Injinia," aliita Mzee Teodori, "ng'ombe hatoki kijijini bila kibali cha kusafirisha mifugo. Watamkamata mnadani, na wewe juu yake."

"Kibali anasaini nani?"

"Mimi." Akatoa mfukoni muhuri wa kijiji, akaupulizia. "Nasaini sasa hivi. Ila kwanza tuiwashe mashine yetu ituage. Wewe kaa hapohapo na ng'ombe wako."

Taa za buluu zikawaka. Mwalimu Hellena akainama mbele ya boksi.

"Mwalimu Mnemba, robo tatu ya debe ni vibaba vingapi?"

Boksi likanyamaza. Ng'ombe akatikisa mkia. Kasmir akasema mtandao umekata.

"Kumbe ugonjwa umerudi," alisema Mzee Teodori kwa masikitiko makubwa. "Na kwa mganga, ugonjwa ukirudi, ng'ombe naye anarudi. Ulisema mwenyewe."

Kikao kizima kilikuwa kimeinamisha nyuso. Kasmir alidhani ni huzuni, mpaka alipoona mabega ya akina mama yanatikisika.

"Mlijua," alisema.

"Sauti yako ilikuwa inapita juu ya ukuta kabla haijafika kwenye boksi," alijibu Mwalimu Hellena. "Hata pale Laela nilijua ni spika, mwanangu ana ndogo kama hiyo. Lakini nilisema moyoni, tapeli huyu lazima ajue hesabu, la sivyo angetuuzia mashine ya Kiswahili. Mimi sikuwa na shida ya mashine, baba. Nilikuwa na shida ya mwalimu."

"Na chakula?"

"Wewe ulidhani tunalisha boksi?" alishangaa mama Jenifer, na hapo kikao kikashindwa kujizuia.

Kasmir alisimama na kamba mkononi, akijihesabia haki na kuzikosa. Wiki zote zile aliwacheka wajinga wanaolisha spika, na mjinga alikuwa ndani ya stoo, anamumunya mgebuka. Alikuwa amefundisha msimu mzima, na hakuna aliyempa hata kiti cha kukalia. Akageuka. Mboje alikuwa amesimama mlangoni pa darasa, daftari kifuani, hacheki.

"Mtihani wenyewe ni Septemba," alisema Mboje. "Na hatujamaliza majira ya nukta."

Kasmir alimfungia ng'ombe kwenye nguzo.

"Ng'ombe ni wako, hatukudhulumu," alisema Mzee Teodori, akiurudisha muhuri mfukoni. "Atakulimia shamba ambalo kijiji kitakupa. Kibali nitakusainia siku mashine itakapojifunza kusema yenyewe."

Kesho yake boksi lilihamia kwa Bibi Bertila, ambaye aliona linafaa kwa kuku anayeatamia, taa za buluu zikimtia joto. Kasmir aliipita stoo, akasita kwenye mlango wa darasa, akavuta pumzi na kuingia kwa miguu yake, uso wazi, bila ukuta katikati. Darasa la saba likasimama kwa kishindo.

"Shikamoo, Mashine!"

"Marahaba," alijibu Kasmir, na hakubana pua. "Kaeni. Jenifer, huo muhindi nauona."