Darubini ya Kongoni na Mbio za Mchinjaji

"Kongoni mzima," Hasani alisema hata kabla hajakaa, "dume, wa kulisha nyumba arobaini, na watu wamelala na kisamvu. Tena kisamvu kisichoonja nazi."

Hasani ni dereva wa lori la ushirika. Tunamwita Gia Tatu kwa sababu lori lake na mdomo wake vyote viwili havijui kuanza polepole. Habari hiyo alitushushia alasiri kwenye benchi la Bi Mwanasha, muuza kahawa, mbele ya duka la kijiji, ingawa hapakuwa na mtu asiyeijua. Tangu jana kijiji chetu, na hata Rutamba jirani zetu, hawakuwa na hadithi nyingine. Mimi ni fundi baiskeli, kona yangu ya kazi iko hapo hapo, kwa hiyo nasikia kila kitu hata nisipotaka. Siku hiyo nilitaka.

Nilitaka kwa sababu ya Likwata. Likwata ni msasi wa kijiji, mtu wa maneno machache, naye alikuwa amekaa mwisho wa benchi akitazama ofisi ya kijiji ng'ambo ya njia. Mle ndani halmashauri ilikuwa imekaa tangu adhuhuri kuamua jambo moja: aendelee kushika bunduki au apewe mtu mwingine.

"Kongoni alipigwa vizuri," alisema mzee Abdurahmani. "Mimi ndiye niliyechelewa kumfikia. Kuchelewa si dhambi."

Mzee Abdurahmani ndiye mchinjaji. Kazi yake ni kufuatana na msasi porini, mnyama akianguka ampitishie kisu angali hai, kwa bismillahi, ndipo sisi Waislamu tule. Wapo masheikh wanaosema bismillahi ya kwenye risasi inatosha. Kwetu sisi mnyama asiyeonja kisu ni nyamafu, na nyamafu hatuli. Ujira wa mzee ni shingo ya kila mnyama, ndiyo maana tunamwita Shingo, ila akiwa hayupo.

"Ulipoanza kukimbia jua lilikuwa wapi?" Hasani alimuuliza.

"Utosini."

"Na ulipofika?"

Mzee alikohoa, akanywa kahawa, akakohoa tena. "Palikuwa na kivuli kivuli."

"Kongoni alikuwa wa baridi," Likwata alisema taratibu. "Nzi walishajaa."

"Basi hata nzi wamekupita mbio, mzee wangu," Hasani alisema.

"Nzi hawakutumwa kuvuka bonde. Huyu Likwata alisimama mlima huu akampiga kongoni mlima ule. Katikati kuna mto. Mimi nina miaka sitini na tatu, nishuke, nivuke, nipande, nifike nikiwa na pumzi ya kusema bismillahi? Lawama ni ya darubini."

"Darubini ilipokuja ulisemaje?" Hasani alimuuliza.

"Nilisema ni nzuri. Lakini moyoni nilikuwa na shaka."

"Moyo wako una adabu sana," Bi Mwanasha alimwambia, akipanga vikombe. "Haumkatizi mtu."

Hiyo darubini ina kisa chake. Mwaka huu wa kilimo cha kufa na kupona Likwata alirudi mikono mitupu mara nne mfululizo, mtu ambaye zamani akiingia porini mkewe alikuwa anabandika sufuria kabisa. Halmashauri ilikaa. Haikumuuliza kwa nini, maana kuuliza hakuandikwi kwenye mhutasari. Iliamua msasi hana kifaa cha kisasa, ikamtuma katibu wake, Modesti, ashuke Lindi kutafuta darubini ya bunduki ya bei nafuu. Modesti tunamwita Mihutasari, naye hilo jina analipenda.

"Mimi ndiye niliyempeleka," Hasani alisema. "Kule shamba la mkonge meneja alikuwa anafunga virago arudi kwao, anauza mpaka mapazia. Akaweka darubini tatu mezani. Ndogo, akasema hii ndiyo ya pori lenu, vichaka vimebanana, mnyama humwoni mpaka akupigie chafya. Ya pili ya kati. Ya tatu ndefu kama mchi. Akasema hiyo ni ya nchi za uwanda mtupu, kumpiga mnyama aliye mbali kabisa, huku kwenu haina kazi, atakayeichukua atampa kwa bei ya kutupa. Mihutasari aliposikia 'mbali' na 'bei ya kutupa' kwa pamoja, macho yalimtoka. Akamjibu meneja kwamba haiwezekani mabepari waone mbali na wananchi waone karibu."

"Na skrubu za kuishikiza?" Bi Mwanasha aliuliza.

"Zilikuwa zimepotea. Mwulizeni huyu hapa."

Wote wakanigeukia. Nikawaambia ukweli: niliambiwa niifunge, nikaifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na mpira ulikuwa mzuri. Nilisema pia kwamba darubini ikishafungwa ni lazima bunduki ipigwe mara kadhaa kwenye shabaha, irekebishwe mpaka risasi iende pale jicho linapoona. Modesti alinijibu kwamba Bwana Nyama, ofisa wanyamapori wa wilaya, anatupa risasi tano kwa mwezi, na risasi za umma si za kuulia mbao.

"Sasa wewe ulimpataje kongoni kwa kitu kilichofungwa kwa mpira?" Hasani alimuuliza Likwata.

"Inapeleka kushoto. Nililenga mti uliokuwa kulia kwake."

Bi Mwanasha alimwongezea kahawa kwa heshima, bila kudai senti. Mtu anayeweza kulenga mti ili ampate mnyama aliye mlima wa pili, ndiye huyo waliyekuwa wanamjadili mle ofisini kama anajua kupiga bunduki.

Lakini heshima kwenye benchi letu haikai sana. Hasani alisimama, akaweka kikombe chini.

"Kosa ni la vipimo," alitangaza. "Watu wanachagua darubini kwa kutazama macho ya msasi. Darubini huchaguliwa kwa miguu ya mchinjaji. Mzee akiweza kukimbia hatua mia, nunua ya hatua mia. Akiweza hamsini, nunua ya hamsini, tena rahisi zaidi. Meneja bado hajaondoka. Kesho napakia korosho kwenda Lindi, naibadilisha. Leo tupime tu mbio za mzee."

"Unipime mimi kama gunia?" Abdurahmani alisema, lakini tayari alikuwa anakunja msuli aliouvaa. Mzee anapenda kutazamwa.

"Kutoka hapa mpaka ghala la korosho na kurudi. Mimi nahesabu mpaka mia. Likwata ndiye kongoni, ukimgusa bega uwe na pumzi ya bismillahi."

Alikimbia. Siwezi kusema uongo, alianza vizuri, na wanawake waliokuwa kwenye foleni ya sukari dukani walimpigia vigelegele vya kejeli. Alipofika ghalani kikohozi kilimshika, kile chake cha siku zote, kinachoanzia chini na kupanda kwa awamu. Kunguru wote waliokuwa juu ya bati la ghala waliruka kwa mpigo mmoja, wakaenda kutua shule. Hasani alifika mia. Akaendelea mpaka mia mbili na kumi. Mzee alimgusa Likwata bega, akafungua mdomo, likatoka "bis" peke yake.

"Kongoni amekufa, amezikwa, wanae wameoa," Hasani alisema. "Tununue darubini ya hatua kumi."

"Mmewaona kunguru?" Bi Mwanasha aliuliza.

Tulijua anakoelekea, na kila mmoja alitamani asifike.

"Kunguru wale wanaishi na honi ya lori lako, Hasani. Wanaishi na kengele ya shule. Hawaruki. Wameruka kwa kikohozi. Haya, Likwata mwanangu, ulipokuwa unawinda na marehemu baba yako mlikuwa mnapiga mnyama kwa hatua ngapi?"

"Ishirini, bibi. Thelathini akiwa mwoga."

"Kwa darubini?"

"Kwa macho."

"Na nani alikuwa anachinja?"

"Baba. Alikuwa anampiga anamrukia. Nami nilikuwa nafanya hivyo hivyo."

"Umeanza kukosa lini?"

Likwata alimtazama mzee Abdurahmani, akatazama chini. "Tangu kazi ifanywe ya watu wawili."

Nitasema wazi, niliona aibu. Lile jambo tulilijua sote, mpaka watoto. Likwata akikaribia mnyama, mzee anakohoa, mnyama anaondoka. Ndiyo maana ikabidi apige kwa mbali. Akipiga kwa mbali, mzee hafiki. Kijiji kizima kilikuwa radhi kununua kioo cha Ulaya kuliko kumwambia mtu mmoja akae nyumbani anywe maji ya tangawizi, kwa sababu dada wa mtu huyo ameolewa na mwenyekiti.

"Likwata ni Mwislamu, anasali, kisu anacho kiunoni," Bi Mwanasha aliendelea. "Kwa nini asichinje mwenyewe?"

"Kisu cha kijiji ni dhamana," Abdurahmani alisema. "Niliteuliwa."

"Na nani?"

"Na kikao."

"Mwenyekiti wa kikao ni nani?"

"Ni shemeji yangu. Lakini siku ile alikuwa anaongoza kikao, hakuwa shemeji."

Hasani alicheka mpaka akashika nguzo ya duka. Likwata hakucheka. Aligeuka kwenye benchi akamkabili mzee, na hapo alisema maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema mwaka mzima.

"Mzee wangu, ile bunduki ni ya baba yangu. Siku ya kuhamia hapa kijijini niliulizwa nina nini cha kuleta kwenye ujamaa, watu wakaleta mbuzi, wakaleta mabati. Mimi nilileta bunduki na kibali chake, nikaikabidhi kwa mikono yangu, mkanipigia makofi. Sikuidai. Nilisema ikiwa ya kijiji na mimi nikiishika, kuna tofauti gani. Leo wanataka kuniondolea hata kuishika. Jembe sikulizoea na ubaharia siujui. Nenda mle ndani ukaseme tu kwamba tatizo ni kikohozi. Neno moja."

"Nikisema," mzee aliuliza, "na shingo?"

"Shingo nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni. Kila mnyama."

"Utanisahau."

"Naahidi mbele ya watu hawa."

Mzee alifikiri. Alikunjua msuli, akaupangusa vumbi, akasimama. Nilimwona akipiga hatua tano kuelekea ofisini, na nakiri moyo wangu ulimpenda kwa hizo hatua tano. Ndipo mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka Modesti na karatasi zake, na mzee Abdurahmani akarudi kukaa. Zile mbio za kurudi tungezipima, tungenunua darubini ya kuonea mwezi.

Modesti alifika akichokonoa meno. Yeye ni Mmakonde wa kule juu, Mkristo, na wao nyumba nne hawana habari ya nani alichinja.

"Kongoni alikuwaje, ndugu katibu?" Hasani alimuuliza.

"Mgumu kidogo. Lakini umma usingekubali apotee bure."

"Umma wa nyumba nne."

"Tusitoke nje ya ajenda," Modesti alisema, akafungua karatasi. "Halmashauri imejadili kwa kina. Azimio la kwanza: darubini ni nzuri na imethibitika kuona mbali. Azimio la pili: mchinjaji amefanya kazi yake kwa moyo katika mazingira magumu, apewe pongezi."

"Ahsanteni," Abdurahmani alisema, akitazama kikombe chake.

"Kikohozi je?" Bi Mwanasha aliuliza.

"Hakikuwamo kwenye ajenda. Azimio la tatu: kwa kuwa msasi anapiga mnyama mbali mno na kuwakosesha wananchi kitoweo, bunduki ikabidhiwe kamanda wa mgambo kuanzia leo. Ameshaichukua. Ametokea mlango wa nyuma."

Kamanda wetu wa mgambo tunamjua, alishawahi kupiga paa la zahanati akilenga hewani.

"Azimio la nne," Modesti aliendelea, akitoa darubini kwapani, mpira wangu bado unaning'inia. "Halmashauri haikumsahau ndugu Likwata. Tumemkabidhi darubini. Atakaa juu ya dungu katika shamba la kijiji, mchana kutwa, awaangalie nguruwe pori wanaokula mihogo."

"Nikiwaona?" Likwata aliuliza.

"Utatoa taarifa."

"Kwa kamanda?"

"Kwangu. Nitaiweka kwenye kikao cha mwezi."

Likwata aliipokea kwa mikono miwili, kama tunavyofunzwa kupokea kitu kwa mtu mzima. Aliinyanyua akaweka jicho, akaielekeza njia ya nyuma ya ofisi, kule kamanda alikokuwa anakwenda kwake. Alitazama kwa muda mrefu.

"Nitaweza kuiona bunduki ikiwa begani kwake?" aliuliza.

"Bila shida," Modesti alisema kwa fahari, maana ndiye aliyeichagua. "Mpaka namba zilizochongwa kwenye chuma."

Likwata akaishusha. Alimshukuru, akamuaga Bi Mwanasha, akaenda zake upande wa shambani. Sisi wengine tulibaki tumekaa, kila mtu akisubiri mwenzake awe wa kwanza kukohoa.