Muhuri Kwenye Kompyuta ya Celine

"Huo muhuri hautolewi!" Mwenyekiti Gitonga alipaza sauti mpaka nguo za Beldina zikatikisika kwenye kamba nje. "Ukibandikwa umebandikwa!"

"Basi wewe ndiye utanitafutia kazi ingine?" Celine akamjibu, bisibisi mkononi.

Kama katibu wa Kamati ya Usalama wa Vifaa vya Umeme, Ploti Namba Tisa, Makongeni, nina furaha kuutangazia umma kwamba mzozo huu uliendeshwa kwa utaratibu. Watu ishirini na wawili walihudhuria. Wawili walikuwa wamealikwa.

Chanzo ni hiki. Tangu pampu ya maji ipotee, kila kifaa cha umeme kinachopita getini hubandikwa karatasi yenye muhuri: IMEIDHINISHWA. Watu wengine hununua kompyuta ikiwa nzima. Celine, mchoraji, aliiunda yake mwenyewe, akinunua kipande kimoja kimoja kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Luthuli, mjini, kwa miezi minne. Kamati haikuchoka. Tulibandika feni, tukabandika kebo, hata skrubu tukazibandika zikiwa kwenye mfuko wao. Leo kilipokuja kijiti chake cha memori, badala ya kile alichokuwa akichorea cha kuazima na ambacho ameshakirudisha, mwenyekiti mwenyewe alichagua mahali: pale penye meno ya rangi ya dhahabu, kwa sababu ndipo palipong'aa.

Sasa mashine ilikataa kuwaka. Feni zilizunguka, skrini ikabaki nyeusi, kisha mashine ikalia: pii, pii, pii.

"Inasema haioni memori," Celine akaeleza. "Meno hayagusi. Karatasi yenu iko katikati."

"Inalalamika?" mwenyekiti akauliza. "Ilalamike kwa maandishi."

Nikaandika.

Michoro yake ya kitabu cha watoto ilikuwa ndani ya mashine hiyo, na mchapishaji aliitaka kabla ya saa kumi na moja jioni, la sivyo kazi apewe mwingine. Ilikuwa saa tisa na nusu. Kamati ilitambua uharaka huo, ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikapendekeza mashine izimwe, iwashwe. Pii, pii, pii. Ikapendekeza igeuzwe itazame getini. Ikageuzwa.

"Mwenyekiti, nakuomba," akasema Phelister, mamake Celine. "Huyu mtoto amekunywa chai ya rangi miezi minne juu ya hii kitu. Mwache atoe hako kakaratasi."

"Mama Celine, nikimwachilia yeye, kesho ploti nzima itabandua. Sheria iko wazi: muhuri hubanduliwa na aliyeubandika, basi!"

Beldina, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akichambua sukuma wiki kwenye ngazi, nje ya mlango wao. Akainua kichwa.

"Na aliyeubandika ni nani?"

Mwenyekiti akaanza kupekua kanuni. Niliagizwa swali hilo nisiliweke kwenye kumbukumbu.

Celine akachomoa kijiti, akamkabidhi mwenyekiti pamoja na kifutio.

Gundi ya kamati ni gundi bora. Tuliipitisha kwa kura. Mwenyekiti alipiga magoti sakafuni kwa Phelister, akakwaruza kwa ukucha, watu wakichungulia mpaka dirishani.

"Polepole, fundi," Beldina akamshauri. "Hiyo dhahabu si ya babako."

Saa kumi na dakika arobaini karatasi ilitoka nzima, ikahamia kidole cha shahada cha mwenyekiti, mkono wa kulia, ikagoma hapo. Celine akasugua meno, akachomeka kijiti, akabonyeza. Pii moja tu. Skrini ikawaka, watu wakapiga vigelegele, hata waliofika wakidhani ni harusi. Michoro ikaenda zikibaki dakika nane.

Mwenyekiti akasimama mlangoni akitikisa kidole, IMEIDHINISHWA ikisomeka vizuri kabisa. Akaninyooshea nimbandue. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba si mimi niliyeubandika. Akamgeukia Beldina. Beldina akarudi kwa sukuma zake.

"Gitonga, utasimama hapo mpaka lini?" Phelister akaita kutoka jikoni. "Ingia ule, ugali na omena viko tayari. Celine, mtafutie mwenyekiti kijiko."