Mtoto wa Abshir

Shuriye alikuwa anapuliza chai katika hoteli moja ya mtaa wa Bulla Pesa aliposikia riziki yake ikitajwa meza ya pili. Wazee walizungumza juu ya madaktari waliopita wakitoa watu damu na kuuliza majina ya mababu. Madaktari hao walitaka kujua kwa nini kansa ya koo na ya tumbo inaingia nyumba hii na kuruka ile, kama mtu anairithi vile anavyorithi pua.

"Na walisema nini?" mzee Bile akauliza.

"Walisema bado wanatafuta."

Shuriye akaweka kikombe chini. Daktari akisema bado, tapeli husema tayari. Ndiyo maana mgeni akikuletea jibu kabla ya daktari, wewe mama funga mbuzi wako kwanza.

Alinunua koti jeupe la muuza nyama, akalifua mpaka damu ikabaki kivuli tu. Akajaza chupa maji ya magadi. Akakaa na wale wazee, akiwalipia chai na kuwasikiliza wakihesabu ukoo wao, maana Msomali hakuulizi kazi yako, anakuuliza babu yako. Kisha akaanza kubisha milango.

"Damu yenu imepimwa," alisema kwa huzuni nzuri. "Ugonjwa uko. Dawa hii inasafisha ukoo mpaka vitukuu. Pesa hatutaki. Mbuzi mmoja tu."

Wakatoa. Ni watu walewale ambao mama mmoja, Asho, aliwaendea kuomba qaaraan, ule mchango ambao kila mtu wa ukoo anadaiwa kumtolea mgonjwa wao. Mume wake Guleid hakuweza kumeza, hata maziwa yalirudi, na alikuwa ameandikiwa kwenda hospitali kubwa Nairobi. Wote walimwambia kiangazi kimewamaliza. Huruma ilishindwa kufungua boma, hofu ikafungua.

Kwa Asho kulikuwa na mbuzi mmoja. Shuriye, na kundi lake la mbuzi limefungwa nje, hangeweza kumwacha. Tamaa haijui kushiba.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Huyu mbuzi ni nauli ya mgonjwa," Asho akasema. Mzee Bile na wenzake walikuwa wamekaa kando ya mkeka wa Guleid, wamekuja kumjulia hali.

"Mama, unaniogopa mimi? Mimi ni damu yenu, kule hotelini niliona haya kusema." Hapo Shuriye akatoa kitu chake kitamu. Alikuwa amesikia hotelini kwamba Guleid alikuwa na kaka, Abshir, aliyeenda Garbatulla na ngamia na hakurudi. "Mimi ni Shuriye Abshir," akaanza, akapanda babu kwa babu bila kukwama. "Huyu aliyelala ni adeer wangu, ndugu ya baba."

Asho akamtazama sana.

"Rudia, mwanangu. Wazee wasikie."

Akarudia, na chozi juu.

"Mmesikia," Asho akasema. "Mtoto wa Abshir amepatikana, na amekuja na qaaraan ya adeer yake. Mbuzi wote wale nje."

"Wale ni wa ofisi," Shuriye akasema haraka.

"Ofisi ina ukoo?" mzee Bile akauliza, akiivuta fimbo yake karibu. "Sisi tumetoa mmoja mmoja. Wewe mtoto wa ndugu, utatoa nini? Ama wewe si wa Abshir?"

Shuriye akaitazama ile fimbo. Akatazama mlango, ambao sasa ulikuwa umejaa mgongo wa mtu.

"Mimi ni wa Abshir," akasema polepole.

"Basi kunywa na dawa yako," mzee Bile akasema. "Si ugonjwa uko kwa ukoo?"

Akanywa chupa nzima. Alipotoka nje, tumbo likiunguruma na koo likiwasha, mbuzi walikuwa tayari njiani kwenda sokoni. Akameza mate kujipima. Yalipita. Akameza tena.

Nyuma ya ua akasikia jirani, Habibo, akinong'ona: "Lakini Asho, Abshir si alikufa kabla hajaota ndevu?"

"Guleid mwenyewe ndiye aliyemzika hukohuko Garbatulla," Asho akajibu. "Lakini nani atamkataa mtoto wa marehemu, na amekuja na mbuzi?"

Shuriye akasimama. Akageuka nusu, kurudi. Halafu akawaza atasema nini akifika mlangoni, akashika njia ya kutoka mjini, ya Ngaremara, kwa miguu.