Kichwa cha Mzee

Jumatatu, 21 Oktoba

Kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba hakuna kichwa kinachofanya kazi kama changu. Waliobaki wote wamegawana makombo. Nasema hivi kwa unyenyekevu. Shule niliishia kidato cha pili kwa sababu mwalimu wa fizikia alianza kuniogopa.

Daftari hili nimelifungua ili siku serikali ikiniuliza niliwezaje, niwape wasome wenyewe.

Kazi ni hii. Babu yangu, marehemu Rutaihwa, aliacha lori. La Mwingereza, uso bapa, halina pua, dereva anakaa juu ya injini kama kuku aliyeatamia. Limelala kwenye migomba ya kibanjani kwa Bibi kule Kishanda tangu babu afariki, yaani kabla sijazaliwa. Mgomba umeota katikati ya bodi na kuzaa. Kijiji kizima wanaliita Mzee, kwa heshima ya mwenyewe. Ndilo lililompeleka Bibi Kokushubila kanisani siku ya harusi yake. Sasa miguu ya Bibi imegoma, na ameniomba kitu kimoja tu maishani: Siku ya Marehemu Wote, tarehe mbili Novemba, aende kumwombea mumewe ndani ya lori lile lile. Kiti cha mbele.

Nikamwambia, Bibi, hesabu umeshafika.

Siku kumi na mbili! Na chini Mzee ameoza kabisa!

Lakini gereji ya Alhaji Mustapha, hapa Rwamishenye ninapofanya kazi, kuna lori la Kijapani la juzi juzi. Lilianguka mlimani, kichwa kikapondeka, chesisi na injini vikabaki vizima. Alhaji ameniachia. Kwa hiyo namkata Mzee kichwa, nakipandikiza kwenye mwili wa Mjapani. Nani mwingine angewaza hilo? Lukmani, mchomeleaji wetu, anadai aliwaza yeye, tena tangu mwezi wa tano. Nimemsamehe.

Jumatano, 23 Oktoba

Kishanda. Nimemaliza kukata! Boliti zilikuwa na kutu ya miaka ishirini na kitu. Kaburi la babu liko hatua sita kutoka pale. Kila cheche ikiruka kuelekea kaburini nilisema samahani. Si woga. Ni malezi.

Baadaye nikapanda hadi dukani kutafuta mtandao, nimpe Lukmani taarifa. Mtandao wa Kishanda lazima uusaidie kwa mapafu. Nikapiga kelele kwamba kichwa cha Mzee nimeshakikata! Ngozi imeoza pembeni, lakini meno yote yapo! Macho nimeyang'oa, nimeyafunga kwenye gazeti! Kesho nakileta kwenye turubai!

Ngozi ni bati. Meno ni zile nondo za mbele. Macho ni taa. Fundi yeyote anajua.

Mama wa dukani alikuwa ananipimia sukari. Akaacha kupima. Nikadhani kapenda sauti yangu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo ilibaki kidogo shajara hii ikose mwenyewe.

Tumepakia kichwa kwenye gari la kukodi, tunatoka Kishanda, tukakuta gogo barabarani. Nyuma ya gogo watu ishirini. Mapanga, fimbo, mama mmoja na mwiko. Mbele yao Babu Karugendo, mwenyekiti wa kitongoji, mdogo wake babu yangu wa tumbo moja. Nikamsalimia. Hakuitikia. Akaniuliza kichwa cha kaka yake kiko wapi.

Nikamjibu kwa adabu kwamba kiko nyuma, kwenye turubai.

Wanawake wakapiga yowe. Mtu akauliza nimekikata na nini. Nikasema na grinda. Halafu, mimi na mdomo wangu, nikaongeza kwamba shingo sikuiharibu hata kidogo.

Niliona mapanga yakipanda. Dereva wa gari alikuwa ameshaingia mgombani, hadi sasa sijamwona.

Ndipo wakarudi vijana wawili mbio, walikuwa wametumwa kukagua kaburi. Wakasema kaburi zima, hata ua halijakanyagwa. Turubai likafunguliwa. Mama mwenye mwiko akaanza kucheka, wote wakafuata.

Babu Karugendo hakucheka. Alisema, "Wee mtoto, kichwa ni kichwa." Kimetoka kibanjani kwa kaka yake, basi kirudi, siku ya Marehemu Wote, shemeji yake akiwa amekaa ndani. Kisiporudi, na mimi nisirudi. Nisikanyage kibanja kile tena, na nikifa wanizike Wajapani. Akatoa kahawa ya kutafuna mfukoni, akanikabidhi punje kadhaa mbele ya watu wote. Kwetu ukishapokea kahawa ya mzee ukaitafuna, neno limefungwa. Nilitafuna moja. Haikushuka. Nyingine nikazitia mfuko wa shati, na ndiko ziliko.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kichwa kimekaa juu ya Mjapani! Kimezidi upana kidogo, kama kofia ya kuazima. Kinapendeza.

Tatizo moja, nikalitatua kabla ya chai. Injini ya Mjapani iko chini ya kichwa, na ukitaka kuiona lazima kichwa kiiname mbele. Kichwa cha babu hakikuzaliwa cha kuinama. Kilifungwa moja kwa moja, kama babu mwenyewe. Basi nikabuni: mbele bawaba, nyuma pini mbili za chuma, nene kama kidole gumba, moja kulia, moja kushoto. Ukichomoa pini, kichwa kinainama. Ukirudisha, kimefungwa. Mtoto wa chekechea anaelewa.

Lukmani akataka pia mnyororo nyuma, eti lolote likitokea kichwa kisidondoke chote. Nikamuuliza hili ni lori au mbuzi. Akasema mwenye akili hufunga mbuzi hata akiwa amelala, na kwamba mimi si mwenye akili, kwa hiyo atanifungia yeye. Alhaji akamuunga mkono! Mnyororo umefungwa. Unaharibu sura. Nimeupaka rangi ili watu wasiuone.

Jumatatu, 28 Oktoba

Sitaki kuandika haya lakini mkono unaandika wenyewe.

Alhaji alikuja akauliza kama usukani nimeukagua. Nikasema ndiyo, mara mbili. Honi ikalia.

Ndani ya lori hakukuwa na mtu!

Honi ile ni ya babu. Nzito, ya kukoroma, Bibi anasema ilikuwa inasikika hadi kijiji cha pili. Nikacheka kidogo, kicheko cha kukausha jasho. Akapita Asha anayetuuzia chai, akauliza kama ni kweli kazi yote nimefanya peke yangu. Nikasema naam. Honi! Asha akamwaga chai, nusu kwenye mguu wangu.

Lukmani anasema kuna waya umechubuka unagusa bati. Sawa. Lakini kwa nini unagusa nikiongea mimi tu? Yeye amedanganya tangu asubuhi na waya umetulia!

Walipoenda kula nikapanda ndani, nikavua kofia, nikauomba msamaha usukani. Kisha nikaukagua kweli. Nati mbili zilikuwa zimeshikwa na rangi tu.

Babu, asante. Lakini usirudie.

Jumatano, 30 Oktoba

Jaribio. Tumeshuka hadi Bilele, mimi nashika usukani, Lukmani kando anashika dashibodi na dini yake. Kwenye mteremko breki zilifikiri kwanza, ndipo zikakubali. Dereva wa lori la uso bapa haoni pua ya gari, anaona barabara inakuja kumla. Miguu ilikuwa baridi kama samaki wa jana. Lukmani akauliza kama naogopa. Nikasema mimi? Honi ikalia kutoka pale hadi sokoni. Watu wakatupisha wakidhani tuna harusi.

Nimefunga mikanda ya Kijapani kwenye viti vyote viwili. Wazo la Lukmani. Nimemwambia nilikuwa nimeshaliwaza.

Ijumaa, 1 Novemba

Safari ya Kishanda. Mimi mbele, Lukmani nyuma kwenye bodi kwa sababu amesema heri aonekane akiruka kuliko akutwe ndani.

Tukipanda mlima kabla ya Muleba, moshi! Mvuke! Nikadhani babu anatoka. Ni maji tu yalikuwa yamechemka. Nikasimama, nikachomoa pini, nikazitia mfukoni kwenye kahawa, nikainamisha kichwa, Lukmani akateremka na dumu kwenda kutafuta maji. Watoto wa shule wakajaa, na mama zao, na fundi mmoja wa pikipiki aliyenikazia macho kama msimamizi wa mtihani. Nikawahutubia. Kichwa cha kwanza duniani cha Mwingereza kinachoinama! Wakapiga makofi. Lukmani akarudi, nikatia maji, nikakirudisha kichwa chini kwa kishindo kizuri, nikaondoka nikiwapungia mkono. Hotuba ile ingefaa redioni.

Tangu hapo nyuma ya kichwa changu kulikuwa na mlio. Tak. Tak. Tak. Kila kwenye bonde, tak. Shingo ilinisisimka hadi Kishanda. Sikugeuka. Mtu huwa hageuki akiitwa na asiyemjua.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwenye jamvi, ameshavaa viatu tangu asubuhi, ingawa misa ni kesho. Akagusa mlango wa lori kwa kiganja. Akaniuliza kama ni salama. Nikasema, Bibi, ni salama kuliko kitanda.

Honi ikalia. Bibi akasema, kwa Kihaya cha heshima, "Waitu, Rutaihwa, nimesikia."

Jumamosi, 2 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa chini. Kusimama bado.

Tulimpandisha Bibi watu wanne. Gauni la kitenge, rozari, mkanda kifuani. Njiani alinionyesha kila mahali: pale lori lilikwama siku ya harusi, pale babu alimnunulia muwa. Tak, tak, tak. Alifurahi sana, na mimi nikaogopa zaidi, kwa sababu sikuwahi kubeba kitu ambacho ningeshindwa kukirudisha.

Kanisa liko chini ya mteremko. Uwanja umejaa. Babu Karugendo amesimama mlangoni na fimbo yake, ananihesabu. Wanakwaya wakakata mbele yetu kwa maandamano. Nikakanyaga breki. Zilifikiri kwanza. Zikakubali zote kwa pamoja.

Lori likasimama. Kichwa hakikusimama.

Mbingu ikaondoka. Nikaona nyasi. Nikaona viatu vya wanakwaya, jozi kwa jozi. Kichwa cha Mzee kilikuwa kinainama mbele, taratibu, na mimi na Bibi ndani tunaning'inia kwenye mikanda kama nguo. Nikamwita babu, nikamwita Bikira Maria, nikamwita Lukmani. Nyuma kitu kikasema KRAA! Mnyororo ukakaza. Tukabaki hapo, nusu ya kusujudu, uso wa lori ukiangalia ardhi, honi ikilia mfululizo.

Sikuweza kumtazama Bibi. Niliogopa nitakachokiona. Nikawa natazama nyasi tu, nikimwita, Bibi, Bibi, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka saba.

Halafu nikasikia anacheka.

Lukmani na wanaume wa kwaya wakakivuta kichwa kikarudi. Mlango ukafunguliwa. Bibi akarekebisha kilemba, akasema kwa sauti ambayo padri aliisikia hadi ndani: "Miaka thelathini na tano nimempigia magoti Rutaihwa, asubuhi na jioni, kama alivyotufunza mama. Yeye hakuwahi kuniinamia hata kuokota kijiko. Leo ameinama. Tena mbele ya kanisa!"

Vigelegele! Wanawake walivipiga hadi ndege wakahama mti. Babu Karugendo akavua kofia. Macho yalikuwa yamelowa. Akaja, akaniuliza taratibu kama nilikusudia.

Lukmani ananitazama.

Nikasema ndiyo, Babu. Kwa mahesabu.

Honi ikalia. Wakasema, mnasikia? Mwenyewe amekubali!

Jumapili, 3 Novemba

Mimi ni mtu mkubwa sana Kishanda. Nimelishwa matoke na senene hadi kupumua ni kazi. Babu Karugendo amesema kibanja ni changu kama kilivyo chao, na amenipa kahawa nyingine. Bibi anataka lori kila Jumapili. Kila Jumapili!

Na kuna zaidi. Dada mmoja wa Bilele, Shadya, amesikia habari, amepiga simu. Anaolewa wiki mbili zijazo, anataka lori limwinamie mama mkwe mlangoni. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Mnyororo nitautoa. Ukiwepo, kichwa kinaishia nusu, na mama mkwe anastahili heshima kamili. Lukmani amesikia hivyo akapanda basi kurudi Bukoba bila kuniaga. Wivu ni ugonjwa.

Leo nimefua shati la safari. Mfukoni kulikuwa na punje za kahawa na pini mbili.

Pini sikuzirudisha. Ndicho kilichoharibika, na ni hicho tu. Nilikuwa nahutubia, nikasahau. Bibi yangu nilimbeba ndani ya kichwa ambacho hakikufungwa na chochote ila mnyororo niliouita wa mbuzi.

Nimeyasema haya kwa sauti, nimesimama kando ya lori. Honi haikulia.

Pini nimezihifadhi mahali ambapo sitazisahau tena. Mfukoni.