Udongo wa Baray Umepungua

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi ya leo nimeanza kuumbuka. Nimemaliza saa nne na robo. Muda huo nimeutoa kwenye daftari langu (ndiyo, niliendelea kuandika).

Kwa wasionijua: nina miaka arobaini na minane, ni mtunza stoo wa shamba la kahawa Oldeani. Kidato cha nne nilifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, digrii mbili nimezisoma kwa masafa. Mwaka jana niliomba nafasi ya uzamivu. Jibu lilikuwa fupi: huna uzoefu wa utafiti.

Nikautafuta. Miezi saba nimemfanyia kazi bure Dokta Neema, mtafiti wa mmomonyoko wa udongo, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano. Nilichimba, nikakausha, nikapima. Mifuko ishirini na minne ya kaki, kila mmoja gramu mia tano kamili. Kumi na minane ya Oldeani, sita ya Baray. Nikaifungia nyumbani, kwenye chumba cha mahindi.

Leo Dokta alikuja kuichukua, pamoja na Frank, mtaalamu wa maabara, kijana mwenye mizani ya betri na mdomo mrefu. Ndani ya faili la Dokta kulikuwa na barua yangu ya mapendekezo, imeshachapwa, inasubiri sahihi tu. Mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa.

Oldeani ikapita yote. Mia tano, mia tano, mia tano. Nilisimama nimefunga mikono nyuma kama mkaguzi (kiburi kibaya, jamani).

Baray, mfuko wa kwanza: mia tatu na kumi.

Wa pili: mia mbili tisini na tano.

"Mzee wangu," Frank akasema, "huko Baray vitu huwa vyepesi?"

Nikaeleza habari za unyevu. Nilieleza kwa dakika kumi, na mchoro.

"Unyevu umetoka Baray peke yake? Oldeani haukauki?"

"Basi ni panya."

"Panya anakula udongo, mzee?"

Nikafungua daftari. "Chumba hiki haingii mtu ila mimi! Sahihi ya kila siku hii hapa."

Frank akamgeukia Dokta. "Kama haingii mtu, basi ulijazwa hivyo hivyo. Mimi nina wasiwasi kama huko Baray alifika kweli."

Mimi! Nimekwenda Baray mara sita kwa pikipiki, mgongo haujapona. Dokta alilifunga faili polepole.

Hapo akaingia mkwe wangu Paskalina na chai. Ni mke wa mwanangu Safari, ana mimba ya miezi sita. Akasalimia vizuri, akaweka sinia, akaona mifuko inasogezwa mlangoni. Akamwinamia mke wangu aliyeingia nyuma yake, akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mama, wanauchukua wote? Hata ule mwekundu wa Baray?"

"Paskalina," Dokta akauliza taratibu, "umekuwa ukiula?"

Akatazama chini. "Kijiko cha chai asubuhi, kimoja jioni. Siku ya mvua viwili, maana unanukia. Nilichota kidogo kidogo kila mfuko, nikafunga vizuri, ili Baba asipate hasara."

"Na wa Oldeani?"

"Ule hapana. Unakwama kwenye meno."

Frank alikwenda kuegemea gari. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Mimi baba mkwe nimwambie nini mke wa mwanangu kuhusu anachokula? Nikamgeukia mke wangu. "Mama Safari, funguo alipata wapi?"

"Zangu. Mahindi unadhani yanatoka kwa miujiza? Na wewe ndiye uliyetuambia mezani udongo wa Baray una madini ya chuma. Ulitoa somo zima. Ugali ukapoa."

Dokta alimsihi Paskalina aende kliniki awaeleze. Kisha akanigeukia, na kwa kweli alinionea huruma, jambo lililoniuma zaidi. "Mzee Tluway, sasa najua hukudanganya. Lakini barua inasema sampuli zilitunzwa bila kuguswa na mtu. Siwezi kuisaini. Baray tutarudia baada ya mvua."

Baada ya mvua. Ijumaa ni keshokutwa.

Halafu akakumbuka: ana mwenzake anayetafiti wajawazito wanaokula udongo. Anatafuta watu wenye kumbukumbu sahihi za vipimo. Paskalina ameandikishwa papo hapo, na posho anapewa.

Kwa hiyo nyumbani kwangu uzoefu wa utafiti umepatikana. Anao mke wa Safari.

Mnaotaka kucheka, chekeni mkiwa mbali. Hasara yangu, kuanzia pikipiki ya kwanza hadi sukari ya chai ya leo: shilingi laki tatu, elfu themanini na mbili na mia tano.