Kielelezo Hakiguswi

Gervasi hakuwahi kusomea sheria, ila alikuwa na miwani, na pale Rusimbi miwani iliwatosha watu kumwita wakili. Kibanda alichonywea chai kilitazamana na gereji ya fundi Amosi, na hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yake. Kila gari lililotoka kwa Amosi likiwa bovu kuliko lilivyoingia, mwenye gari alikuwa mteja wa Gervasi.

Asubuhi moja akaona pikapu inasukumwa. Nyuma yake alitembea Mama Révérienne, muuza mawese wa Simbo, kitenge amekikaza kiunoni, uso umefura. Gervasi akaweka kikombe chini na kupangusa miwani.

"Shikamoo mama. Ni Amosi?"

"Marahaba. Ni huyohuyo. Kanitengenezea gia boksi, gari likazima Kidahwe. Nikimfuata anasema hanijui. Kwa kuwa sina karatasi."

"Pole sana," akasema Gervasi, na kweli iligusa moyo wake, kama nyani anavyoguswa na shamba la mahindi lisilo na mlinzi. "Lakini sheria iko upande wako. Mteja akifanyiwa kazi mbovu ana njia tatu: fundi arudie bure, au arudishe alichochukua, au mkutane mahakama ya mwanzo. Ila gari likae kwangu. Ni kielelezo. Kielelezo hakiguswi mpaka shauri liishe."

"Hakiguswi kabisa?"

"Hata kwa kidole."

Kichwani alikuwa na Ciza wa Ujiji, mnunuzi wa spea asiyeuliza maswali, ambaye tangu mwezi uliopita alikuwa akitafuta gia boksi ya pikapu ya aina ile.

Mama Révérienne akatafakari. Bila gari, madumu yake yangebaki Simbo, na wateja wa Kasulu wangehamia kwa mwingine.

"Ego, ndiyo mwanangu, chukua. Ila safari hii nataka karatasi, na mwenyekiti wa mtaa ashuhudie."

Ugonjwa wa Gervasi ulikuwa huo: kuandika. Mbele ya mwenyekiti akatoa kalamu na kunakili maneno matamu kutoka kwenye mkataba wa zamani wa mauziano, uliokaa mfukoni mwake miaka mitatu. "Nimepokea gari tajwa, pamoja na injini na gia boksi yake, vyote vikiwa katika hali nzuri, bila kasoro yoyote." Mwenyekiti akaitazama karatasi, akalitazama gari lililokuja kwa kusukumwa, kisha akagonga muhuri.

Mchana huohuo pikapu ikavutwa hadi Ujiji. Ciza akafungua gia boksi, akainama, akanusa.

"Kaka, umeniletea gia boksi au kapu la sokoni?"

Meno yote yalikuwa yameliwa. Amosi alikuwa amejaza maganda ya ndizi ili isipige kelele.

Kesho yake Gervasi akalirudisha gari likivutwa, yeye nyuma na pikipiki yake, akijifanya amechoshwa na urasimu. Alimkuta Mama Révérienne ameketi kwa mwenyekiti, karatasi mapajani, madumu mawili ya mawese miguuni.

"Mama, shauri lako ni gumu. Chukua tu gari lako."

"Na gia boksi isiyo na kasoro iko wapi?"

"Mama, humo ndani mna maganda ya ndizi."

"Nayajua tangu juzi. Fundi wa Simbo alinionyesha. Lakini Amosi sina karatasi yake. Wewe ninayo." Akaikunjua taratibu. "Njia tatu, mwanangu. Utengeneze, ulipe, au twende mahakama ya mwanzo?"

Gervasi akawaza hakimu akimuuliza alisomea wapi sheria.

"Nipe wiki mbili nitafute nyingine," akasema kwa sauti ndogo.

"Nakupa. Funguo za pikipiki yako ziache hapa, nayo ni kielelezo."

"Mama, hiyo ndiyo miguu yangu."

Mwenyekiti akamtazama tu, muhuri mkononi. Gervasi akazitoa. Mama Révérienne akafunga madumu mawili ya mawese kwenye keria, akapanda, akawasha.

"Si tulisema kielelezo hakiguswi?" Gervasi akalalama.

"Ego," akajibu mama, akielekea barabara ya Kasulu. "Basi wewe usikiguse."